Mtoto akitaka droit (masomo ya sheria) hapa Lubumbashi, tumzuie?

Ndugu zangu, wazazi wengi hapa wameandika kwamba mtoto akishapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari aende polytechnique (uinginia) au jiolojia. Sisi tunaishi juu ya shaba, wanasema, na waliosoma droit wamejaa mjini hadi wengine wanauza vocha barabarani. Mimi nasema ni kwa sababu ya shaba hiyohiyo tumwache mtoto asome droit.

Mjomba wangu alikuwa na shamba la mihogo upande wa Kolwezi. Kampuni moja ikamletea karatasi ya Kifaransa, akaweka dole gumba. Fidia aliyopata haikutosha hata kununua mabati ya nyumba. Inginia alikuwepo siku ile, akapima shamba vizuri kabisa, mita kwa mita. Mtu wa kumsomea mzee ile karatasi ndiye hakuwepo. Na sheria ilikuwa upande wake! Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, na sheria ya madini (code minier) inamtaka mwenye kibali cha kuchimba amlipe fidia mwenye shamba. Mjomba aliyajua hayo baadaye, shamba limeshakuwa shimo.

Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2018. Sasa kampuni inayochimba inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayotoa, iende kwa mji, sekta au chefferie (eneo la chifu) ya pale panapochimbwa. Ulizeni vijijini ni wangapi wanaijua hesabu hiyo. Aliyeandika kwamba droit ni ya walioshindwa hesabu ameniumiza, maana hesabu yenyewe ndiyo hii.

Mtoto anayetaka droit ili avae toge (joho la wakili) na kuitwa Maître, huyo hata mimi nitamzuia. Njia ni ndefu: licence miaka 3, master 2, halafu stage (mafunzo ya kazi) ya miaka 2 kwenye baraza la mawakili, na mara nyingi stagiaire, yule anayefanya stage, hana mshahara. Mzazi anayelipa ada kwa kuuza makaa sokoni aambiwe ukweli huo mapema, kabla mtoto hajajiandikisha.

Wengine mmesema haki mahakamani inanunuliwa. Nayajua hayo, nimeyaona. Lakini kampuni zenye pesa zote hizo bado zinaenda pale na mawakili watatu, wanne. Mwanakijiji anaenda na mtoto wake wa kumshika mkono.

Majirani wa mjomba bado wana mashamba yao. Nyinyi mnaokataa droit, nijibuni hili tu: kampuni ikiwafikia na karatasi nyingine, nani atakaa nao awasomee kabla hawajaweka dole gumba?