Tupeane uzoefu: kuimba Let It Be huku ukipiga piano mwenyewe

Mwanzisha uzi
Wakuu, huu uzi ni wa wale wanaopiga vizuri, wanaimba vizuri, ila vikikutana viwili kimoja kinakufa. Tuuchukue Let It Be wa The Beatles, wa 1970. Uko kwenye ufunguo wa C (noti ya nyumbani ya wimbo), ubeti unazunguka kodi nne, yaani noti kadhaa zinazogongwa pamoja (C, G, Am, F), na piano ndiyo inayoubeba tangu mwanzo. Mwageni mbinu, simulizi za maisha tuziweke kando.

BesiKwanza
Anza na mkono wa kulia, na usiurukishe. Ukipiga kila kodi kuanzia noti ya jina lake utalazimika kuangalia vidole, na macho yakishuka huko maneno yanapotea. Tulia eneo moja: C iwe G-C-E, G iwe G-B-D, Am iwe A-C-E, F iwe A-C-F. Vidole 1-3-5 (1 ni gumba, 5 ni kidole kidogo) kwa kodi tatu za mwanzo, F ni 1-2-5. Kutoka C kwenda G, noti ya chini haibadiliki. Kutoka Am kwenda F inabadilika noti moja tu, E inapanda kuwa F.

Baa (kipande kimoja cha mdundo) ina mapigo manne na kodi mbili, kwa hiyo kila kodi unaigonga mara mbili. Mstari unakwenda C G, Am F, C G, kisha F inayoteremka hadi C. Kwenye huo mteremko ndipo wengi wanapoharibu. Besi (noti ya chini, ya mkono wa kushoto) ni F pigo la kwanza, E na D zinagawana pigo la pili, C inatua pigo la tatu. Ukikaa F mapigo mawili kisha ukahamia C, hujakosea kodi, ila wimbo umeupoteza.

Kushoto piga noti moja moja kwanza. Oktavu (noti pamoja na ya jina lilelile inayofuata juu au chini) ziache mpaka kiitikio cha pili, vinginevyo huna pa kupandia.

Pumzi_na_Pigo
Nyongeza kwa BesiKwanza, maana tatizo kubwa liko kwenye kuunganisha. Mkono wa kulia una tabia ya kufuata silabi: mdomo ukitoa silabi tatu ndani ya pigo moja, mkono nao unagonga tatu. Dawa yake ina hatua, na hakuna hata moja ya kurukwa.

Weka metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye mapigo 50 kwa dakika. Piga ubeti mzima huku ukihesabu kwa sauti moja-mbili-tatu-nne. Ukiweza, acha kuhesabu, yaseme maneno bila melodi, kwa mdundo wake halisi. Ukikwama, kata mstari mahali kodi inapobadilika na urudie kipande hicho tu. Ikishakaa, imba melodi kwa "na-na-na", maneno yaje mwisho. Ndipo upandishe metronomu, hatua nne nne, mpaka 70 na kidogo, ambayo ndiyo kasi ya wimbo.

Jambo linalosahaulika: maneno ya kwanza ya ubeti yanaingia kabla ya pigo la kwanza la baa. Pumzi ichukuliwe pigo la tatu la baa iliyotangulia, wakati mikono imeshika C. Ukisubiri mikono ianze ndiyo uvute hewa, umeshachelewa, na ubeti wote utaimba ukiukimbiza.

Mgeni_Kinandani
Ubeti naumudu, kiitikio kinanikaba koo. Nishushe wimbo?

BesiKwanza
Shusha, ndugu. Kiitikio kinapanda juu kuliko ubeti, kwa hiyo ufunguo upime kwa kiitikio. Nusutoni (hatua ya kibonye kimoja hadi cha jirani, vyeusi vikihesabiwa) tatu chini unapata A, kodi zikiwa A, E, F#m, D. Nusutoni tano chini ni G: G, D, Em, C, na vidole vinatulia zaidi kuliko kwenye A. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, lakini ukikisahau kimewashwa na mpiga gitaa yuko pembeni, mtapigana nusu ya wimbo bila kujua nani kakosea. Tena piano ya nyuzi haina kitufe hicho. Jifunze G kwa mikono.

Pedali
Pedali ya kulia, ile inayofanya noti ziendelee kulia: nyanyua mguu kodi mpya inapogongwa, kisha ikanyage mara tu baada ya kugonga. Ukikanyaga pamoja na mkono, besi ya G inabaki ikilia chini ya Am na kila kitu kinakuwa tope. Kwenye ule mteremko wa F-E-D-C, afadhali uache pedali kabisa kuliko kuibadilisha nusu nusu.

Pumzi_na_Pigo
Na katikati ya wimbo, pasipoimbwa, je? Kwenye rekodi pana ogani ya Billy Preston na gitaa. Ukiwa peke yako pale panabaki uwazi, na kuzungusha C-G-Am-F bila kuimba kunachosha msikilizaji haraka. Tumia ule mshuko wa ala: F, C yenye besi ya E, Dm, C, halafu Bb, F yenye besi ya A, G, F, umalizie C. Besi inashuka ngazi kwa ngazi, F E D C, Bb A G F. Upige mara mbili, mara ya pili kwa oktavu kushoto, kisha rudi ubeti wa mwisho kwa sauti ndogo. (Mnaofanya mazoezi na rekodi: gitaa la toleo la singo (wimbo uliotolewa peke yake) si lile la kwenye albamu, msishtuke.)

Pedali
La mwisho kwa wanaotumia maiki: stendi iwe ya mkono mrefu, isimame pembeni ya kinanda, mkono upite juu ya noti na maiki ije usawa wa mdomo. Ikiwekwa chini utainamisha shingo, na sauti ya kiitikio haitatoka. Kabla ya kuanza gusa noti ya chini kabisa na ya juu kabisa utakazopiga, uone kama kiwiko hakigongi stendi.