Umeme upo kwenye nguzo, fedha zipo kwenye simu, na bado tunalala gizani: tokeni isipokuja, nani anawajibika?

Ndugu wanajamvi, habari za nishati tunazosikia kila wiki zinahusu megawati. Tunaambiwa kwamba Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, na kwamba kwa jumla linaweza kuzalisha megawati 2,115. Mimi ni miongoni mwa walioufurahia mradi ule kwa dhati, kwa sababu nakumbuka adha ya mgawo wa umeme. Lakini kipo kipande kimoja cha miundombinu ya umeme ambacho hakuna kiongozi anayekwenda kukikatia utepe, nacho ni mfumo wa kuuza tokeni, yaani zile namba tunazoingiza kwenye mita baada ya kulipia umeme. Mfumo huo ukikwama, megawati zote hizo hazimsaidii chochote mtu ambaye mita yake imesoma sifuri. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoshwa na jinsi hitilafu za mfumo huu zinavyochukuliwa kuwa usumbufu mdogo wa kuombewa radhi kwa sentensi moja, wakati kwa mwananchi aliyekaa gizani hakuna tofauti yoyote kati ya gridi kuanguka na tokeni kutokuja.

Wengi wetu tunaikumbuka Mei 2021, pale mfumo wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ulipokwama kwa siku kadhaa na watu wakapanga foleni katika ofisi za TANESCO, shirika letu la umeme, kutafuta kitu ambacho walikuwa wamezoea kukipata kwa dakika moja kwenye simu. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza watendaji wa TEHAMA wa shirika hilo wasimamishwe kazi. Hasira ya Waziri niliielewa, lakini kumsimamisha mtu kazi hakumwambii mteja siku nyingine ikitokea hivyo afanye nini, apige wapi, na atafidiwa vipi kwa kilichoharibika. Miaka imepita, na maswali hayo matatu bado hayana majibu yanayojulikana na mteja wa kawaida.

Naomba nieleze kidogo jinsi tokeni inavyofanya kazi, kwa sababu ndipo hasira yangu inapopata msingi. Mita nyingi za LUKU zilizomo majumbani mwetu hazihitaji intaneti kabisa. Zile namba 20 unazoingiza ni ujumbe uliofungwa kwa siri ambao mita yako pekee inaweza kuufungua, na ndani yake mna kiasi cha uniti pamoja na alama ya muda ambayo tokeni hiyo ilitengenezwa. Mita inasoma, inahakiki, inakubali au inakataa, yote hayo bila kuwasiliana na mtu yeyote. Ndiyo maana tokeni uliyoinunua leo ukaiandika kwenye karatasi inaweza kuingizwa kesho hata kama mitandao yote ya simu imezimika. Kinachohitaji mtandao ni uuzaji tu: simu yako, kampuni inayohamisha fedha, mfumo wa malipo, kompyuta inayotengeneza tokeni, kisha njia ya kurudi hadi kwenye ujumbe mfupi unaoupokea. Kiungo kimoja kikilegea katika safari hiyo, kila kitu kinasimama, na anayeumia ni yule aliyeko mwisho wa mnyororo ambaye hana uwezo wa kukiona wala kukirekebisha kiungo chochote.

Wanaosimamia mifumo hii si kwamba hawajui kupanga mambo mapema. Mwaka 2024 wateja wengi walipewa seti tatu za namba 20 badala ya moja, wakaelekezwa waingize ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu kwa mpangilio. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi na ilihusu mita za aina hii duniani kote. Alama ya muda iliyomo ndani ya tokeni ilikuwa inahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inafikia kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwa imebadilishwa kabla ya siku hiyo isingekubali tokeni mpya. Kazi ile ilifanyika, na pongezi zinawastahili walioifanya. Ila imethibitisha kwamba panapokuwa na tarehe ya mwisho na hofu ya kweli ya kukosa mapato, maandalizi yanawezekana, matangazo yanawezekana, na mamilioni ya watu wanaweza kuelekezwa wakaelewa. Kwa nini juhudi hizo hizo hazielekezwi kwenye jioni ya kawaida ambayo mfumo umegoma?

Jirani yangu anauza maziwa, barafu na juisi, na biashara yake yote imo ndani ya friji moja. Jioni moja alinunua umeme kwa simu, fedha zikakatwa, tokeni haikuja. Alipopiga huduma kwa wateja upande wa malipo, aliambiwa kwamba muamala umekamilika na hivyo aulize upande wa umeme. Upande wa umeme wakamwambia kwamba malipo hayajaonekana kwao na hivyo aulize upande wa malipo. Alishauriwa asubiri, kisha akashauriwa anunue tena, kana kwamba kila mtu ana fedha ya pili ya kurudia jambo alilokwisha kulilipia. Tokeni iliingia asubuhi, maziwa yakiwa yamekwisha kuchacha. Ujumbe ulikuja na namba zake 20 bila neno hata moja la maelezo. Nimemtaja yeye kwa sababu namwona kila siku, lakini yeyote anayesoma hapa ana fundi wa kuchomelea, kinyozi au mama wa saluni anayemfahamu ambaye amepitia hayo hayo.

Tatizo ni kwamba malalamiko ya namna hii yanaangukia katikati ya mamlaka tatu. Umeme unadhibitiwa na EWURA, mawasiliano yanadhibitiwa na TCRA, na huduma za malipo kwa simu ziko chini ya Benki Kuu. Kila moja ina sheria zake na utaratibu wake wa kupokea malalamiko, na kila moja inaweza kukuonyesha kwa haki kabisa kwamba sehemu yake ilifanya kazi. Mwananchi hanunui sehemu. Ananunua umeme, na anastahili mlango mmoja wa kugonga ambao aliye nyuma yake hana ruhusa ya kumwelekeza kwenye mlango mwingine.

Ndani ya pengo hilo ndimo matapeli walimojenga makazi. Mtu ambaye tokeni yake haijaja yuko tayari kumsikiliza yeyote anayejitambulisha kuwa anatoka ofisi ya umeme, na ndiye hasa anayetafutwa. Anapigiwa, anatajiwa namba yake ya mita, anaambiwa mita yake ina hitilafu au deni na itafungwa usiku ule, kisha anaombwa atume kiasi fulani au ataje namba ya siri iliyoingia kwenye simu yake. Wengi wanauliza tapeli amepata wapi namba ya mita. Nendeni kwa wakala yeyote mtaani mkaangalie daftari lililo juu ya meza: jina, namba ya simu, namba ya mita, kiasi, tarehe, kila kitu kimepangwa mstari kwa mstari, na mteja anayefuata anasoma taarifa za waliomtangulia wakati anaandika za kwake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tunayo Tume ya kuisimamia. Sijawahi kuona wakala akipewa hata maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu daftari lile lifichwe vipi na liteketezwe lini. Tunaambiwa turipoti ujumbe wa kitapeli kwenye namba 15040, na tufanye hivyo kweli, lakini kuripoti kunakuja baada ya taarifa kuvuja, na mimi nazungumzia kuvuja kwenyewe.

Hayo ni ya mtaani. Ya juu zaidi yanatisha zaidi, na hapa ndipo ninapoona wanaoandika habari za teknolojia nchini wanatuangusha, kwa sababu wanaripoti simu mpya kwa kina na usalama wa mifumo hii kwa aya mbili. Julai 2019, kampuni ya umeme ya jiji la Johannesburg, City Power, ilivamiwa na programu ya kudai kikombozi (fedha za kufunguliwa mfumo) iliyofunga hifadhidata zake, na wateja wa malipo ya kabla wakashindwa kununua umeme katikati ya majira ya baridi. Mwaka 2024 shirika la Eskom la huko huko Afrika Kusini lilikiri kwamba mfumo wake wa kuuza tokeni mtandaoni ulikuwa umeingiliwa na tokeni zikatengenezwa kinyume cha sheria. Jirani zetu wa Kenya, Julai 2023, waliona eCitizen, mfumo wa huduma za serikali yao mtandaoni, ukishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, na katika siku hizo watu walilalamika kushindwa kukata tiketi za treni na kulipia umeme. Mifano yote mitatu ni ya ukanda wetu, na mmoja wapo ni wa nchi tunayopakana nayo.

Wala si lazima awe mdukuzi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya kwa kukosa intaneti. Siku ile kila mtu alijifunza ni huduma zipi zimejengwa zikisimama kwa miguu yake na ni zipi zinategemea waya ulioko maelfu ya kilomita kusini. Je, tathmini ilifanyika ya kujua kompyuta zinazotengeneza tokeni, na njia za malipo zinazozifikia, zinaweza kuendelea kufanya kazi ndani ya nchi bila intaneti ya nje? Kama ilifanyika, itangazwe.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba mita hii hii inafanya kazi bila kosa inapohusu makusanyo. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo, sasa hivi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mpangaji anaikatwa hata kama nyumba si yake. Ukiacha kununua kwa miezi mitatu, mfumo unakumbuka na unakata yote mara moja. Deni langu kwa serikali lina kumbukumbu isiyokosea hata shilingi. Deni la mfumo kwangu, yaani fedha niliyolipa na uniti ambazo hazijafika, halina hata namba ya kumbukumbu inayoeleweka na pande zote mbili.

Uingereza, mteja wa mita ya malipo ya kabla anapoishiwa anaweza kupewa salio la dharura ambalo hulirudisha atakaponunua tena, na zipo saa za usiku na siku za mapumziko ambazo mita haimkatii hata kama salio limekwisha. Kama mita zinaweza kuwekewa kodi, zinaweza kuwekewa na uniti chache za dharura. Ninaiomba EWURA ilifanye hilo kuwa sharti badala ya hisani. Ninaomba pia kila hitilafu ya mfumo wa tokeni inayozidi saa moja itangazwe hadharani kama inavyotangazwa hitilafu ya gridi, ikiwa na muda ilipoanza, sababu yake na muda ilipokwisha. Muamala uliokatwa fedha bila kutoa tokeni uwe jukumu la aliyepokea fedha hadi tokeni ifike, bila kumrusha mteja kwa mwingine. Na mwenye biashara aliyeharibikiwa kwa sababu hiyo, mwenye risiti inayoonyesha saa aliyolipa na saa aliyopokea, awe na mahali pa kudai fidia.

Wenye risiti za namna hiyo wazihifadhi, wafiche namba za mita na za simu kabla ya kuziweka hapa, kisha tuandike barua moja kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji tukiambatanisha zote.