Naanza mafunzo ya uuguzi Ujerumani: bima, kadi na daktari vinaendaje?

Mtoka_Moshi
Wakuu, habari za humu. Mkataba wangu wa Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi unaanza tarehe 1 Oktoba, ila natua tarehe 20 Septemba. Nina pumu, natumia dawa ya kupuliza. Bima inaanza lini? Nikiugua naanzia wapi? Dawa nibebe za muda gani? Na mke na mtoto wanaobaki Moshi, bima yangu itawagusa?

Nesi_wa_Ruhr
Karibu sana, mkuu. Bima ya lazima inaanza siku mkataba unapoanza, si siku ya kutua. Hizo siku kabla ya tarehe 1 zikatie bima ya safari. Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Mfuko wa bima, yaani Krankenkasse, unachagua mwenyewe: AOK, TK, Barmer na wengine. Mchango ni asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza ya mfuko husika, nusu analipa mwajiri. Huduma nyingi zimewekwa na sheria, kwa hiyo linganisha nyongeza. Usipochagua, mwajiri atakuchagulia, na kuhama kunasubiri miezi 12. Mpe mwajiri cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikiwa kimetafsiriwa: aliyetimiza miaka 23 bila mtoto anakatwa asilimia 0.6 zaidi kwenye Pflegeversicherung, yaani bima ya utunzaji.

Kadi inakuja kwa posta. Bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku ileile unayohamia. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, nawe unakaa mwezi mzima ukiulaumu mfuko. Kadi ikichelewa omba mfuko ukupe Ersatzbescheinigung, hati ya muda ya kuthibitisha bima. Daktari anaipokea kama kadi.

Mke na mtoto wanaingia kwenye bima yako bila mchango wa ziada mradi mke hana kipato kikubwa, lakini mpaka wawe wanaishi Ujerumani. Kwa sasa wakatie bima huko nyumbani.

Dada_Hamburg
Naongezea upande wa daktari. Tafuta Hausarzt, yaani daktari wa familia unayeanzia kwake, ukiwa bado mzima, maana wengi wamejaa na hawapokei wagonjwa wapya. Piga simu asubuhi kliniki inapofunguliwa, uliza: "Nehmen Sie neue Patienten auf?" (mnapokea wagonjwa wapya?) Jumatano na Ijumaa mchana nyingi zimefungwa. Kadi inasomwa upya kila robo mwaka, hata ukifuata dawa tu.

Kwa bingwa unaomba barua ya rufaa, Überweisung. Macho na magonjwa ya wanawake unaenda moja kwa moja. Ukiambiwa nafasi ni baada ya miezi mitano na tatizo haliwezi kungoja, mwombe Hausarzt aweke kwenye rufaa msimbo wa herufi na tarakimu 12, kisha piga 116117, namba ya huduma ya kutafutia wagonjwa nafasi. Wanatakiwa kukupatia nafasi ndani ya wiki nne, ila daktari hutamchagua wewe. Namba hiyohiyo ni ya usiku na wikiendi kwa homa na maumivu yasiyo ya hatari. Pumu isiyotulia baada ya kupuliza ni 112, namba ya dharura, usisite hata dakika moja.

Dawa beba za miezi mitatu, ndicho kiasi ambacho forodha wanakubali kwa matumizi binafsi. Ziwe kwenye boksi lake, pamoja na barua ya daktari iliyoandika jina la dawa yenyewe, mfano salbutamol, si jina la kampuni. Kule cheti cha dawa ni cha kielektroniki, duka la dawa linakifungua kwa kadi yako, kinadumu siku 28, na unachangia asilimia 10 ya bei: si chini ya yuro 5, si zaidi ya 10 kwa kila dawa. Tunza risiti. Michango hiyo ikizidi asilimia 2 ya kipato cha mwaka unasamehewa inayobaki. Kwa ugonjwa sugu uliothibitishwa na daktari ni asilimia 1.

Nesi_wa_Ruhr
Nilisahau surua! Tangu Machi 2020 sheria inamtaka kila mfanyakazi wa afya aliyezaliwa baada ya 1970 aonyeshe kinga kabla ya kuanza kazi. Wanataka dozi mbili, na kadi nyingi za kliniki za miaka ya 90 zina moja tu.

Mtoka_Moshi
Asanteni mno. Kadi yangu ya utotoni ilishapotea. Nafanyaje?

Dada_Hamburg
Chanjwa upya dozi mbili zikiachana angalau wiki nne, ziandikwe kwa tarehe, mhuri na sahihi. Au pima damu ya kinga, cheti cha daktari kinachothibitisha kinga kinakubalika. Ukichagua chanjo, dozi ya kwanza pata mwezi huu, ya pili iwahi kabla ya tarehe 20 Septemba.