Neufeld na historia ya roketi ya V-2: anategemea ushahidi gani?

Msomaji wa Nyaraka:

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninasoma wasifu wa Wernher von Braun, mhandisi Mjerumani aliyeongoza uundaji wa V-2, kombora la Ujerumani la Vita vya Pili vya Dunia, uliotolewa mwaka 2007 na Michael Neufeld, mwanahistoria aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika makumbusho ya taifa ya usafiri wa anga mjini Washington. Kwa muda mrefu wahandisi wa Peenemünde, kituo cha Ujerumani kilikoundwa roketi hiyo, walisimulia historia yao wenyewe, na katika masimulizi hayo hamu ya kufika mwezini ndiyo iliyotangulizwa, huku jeshi likitajwa kama mfadhili tu. Neufeld anawapinga. Naomba kuelewa anategemea nini hasa anapomhusisha von Braun na kazi ya kulazimishwa ya wafungwa wa kambi za Wanazi, ilhali mwenyewe alifariki mwaka 1977 akishikilia kwamba wafungwa walikuwa chini ya SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi hizo, wala si chini yake.

Mkaa Maktaba:

Ndugu, anategemea karatasi zilizoandikwa wakati mambo yenyewe yakitendeka. Iliyo nzito kuliko zote ni barua ya tarehe 15 Agosti 1944, ambayo von Braun alimwandikia Albin Sawatzki, msimamizi wa uzalishaji katika Mittelwerk, kiwanda cha chini ya ardhi kilichotengeneza V-2. Humo anaeleza kwamba alikwenda kambi ya mateso ya Buchenwald kutafuta wafungwa zaidi wenye ujuzi, na kwamba suala la kuwahamisha lilishughulikiwa pamoja na mkuu wa kambi. Maneno hayo ni yake mwenyewe, na mtu akishayasoma hawezi tena kumchukulia kama mtazamaji aliyesimama kando.

Ni vyema pia kukumbuka kiwanda hicho kilivyoanza. Waingereza walipoipiga Peenemünde kwa mabomu usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1943, uzalishaji ulihamishiwa kwenye mahandaki ya mlima Kohnstein, karibu na Nordhausen. Katika miezi ya mwanzo wafungwa walifanya kazi na kulala humo humo, katika vumbi na moshi wa baruti, maji yakiwa haba, na vyoo vyao vikiwa mapipa yaliyokatwa katikati. Wafungwa wapatao 60,000 walipitia Dora, kambi ya wafungwa wa kiwanda hicho, na matawi yake, na takriban theluthi moja walikufa. V-2 iliua maelfu ya watu London na Antwerp, lakini waliokufa katika kuitengeneza walikuwa wengi zaidi. Mimi naona hesabu hiyo ingepaswa kutajwa kila inaposimuliwa safari ya Apollo 11 iliyowafikisha watu mwezini, maana wahandisi wakuu waliounda roketi yake, Saturn V, walitoka katika mradi huo wa V-2.

Mwalimu wa Historia:

Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila nisingependa Neufeld asomwe kama mwendesha mashtaka. Anaandika pia kwamba Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata von Braun mwezi Machi 1944, na hafichi ushahidi wa Charles Sadron, mwanafizikia Mfaransa aliyekuwa mfungwa huko, ambaye baada ya vita alieleza kwamba von Braun alimtendea kwa adabu. Ushuhuda uliotolewa miongo kadhaa baadaye anaupima mmoja mmoja, kwa kuwa mfungwa aliyewaona wahandisi wengi angeweza kumtaja mmoja kwa jina la mwingine. Kwangu mimi uaminifu wa kazi yake umo katika uangalifu huo.

Kitabu chake cha mwaka 1995 kinakwenda mbali zaidi ya mtu mmoja. Kinaonyesha kwamba tangu mwaka 1932 idara ya silaha ya jeshi la Ujerumani ilikuwa ikigharimia roketi kama aina ya mizinga, na kwamba bila fedha na usiri wa dola, vijana waliopenda safari za anga wasingefika popote.

Msomaji wa Nyaraka:

Nashukuru sana, Mwalimu. Kwa nini basi haya yote yalichelewa kujulikana?

Mkaa Maktaba:

Baada ya vita Marekani iliwahitaji wahandisi hao, na rekodi zao za Unazi zilifunikwa. Ukimya ulivunjika hasa mwaka 1984, ilipotangazwa kwamba Arthur Rudolph, aliyesimamia mradi wa Saturn V baada ya kuwa miongoni mwa viongozi wa uzalishaji Mittelwerk, ameondoka nchini humo na kuacha uraia wake ili asishtakiwe. Hata hivyo, manusura wa Kifaransa walikuwa wameandika juu ya Dora tangu miaka ya 1940. Waliosoma Kiingereza pekee ndio waliochelewa kuwasikia.