Haki za kikatiba za kampuni Marekani: zinaondolewaje?

Mdadisi: Wakuu, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Citizens United, 2010, kampuni Marekani inaweza kumpa mgombea fedha moja kwa moja? Na hukumu hiyo inatenguliwaje?

Kifungu: Hapana mkuu. Marufuku ya kuwachangia wagombea wa shirikisho ipo tangu 1907, haijaguswa. Kilichofunguliwa ni matumizi "huru": kampuni inalipia matangazo yake bila kikomo, mradi isipange na mgombea. Ubaya uko hapo, maana kupanga chinichini ni vigumu kuthibitisha.

Mpwani: Kuitengua kwa kurekebisha katiba kunataka theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, kisha majimbo 38 kati ya 50. Mwaka 2014 pendekezo la marekebisho hayo lilipata kura 54 Seneti. Kufunga mjadala tu, kabla ya kura yenyewe, kulihitaji 60.

Kifungu: Na lile liligusa fedha za uchaguzi pekee. Kinga nyingine za kampuni zingebaki: tangu kesi ya Barlow's, 1978, mkaguzi wa usalama kazini akizuiwa mlangoni hurudi na hati ya mahakama. Anayetaka kuzifuta zote aandike kwamba haki za kikatiba ni za binadamu tu, ila aweke kifungu cha kulinda magazeti na vyama vya wafanyakazi. Bila hicho, navyo vitavuliwa kinga.