Pikipiki imeitwa na kiwanda irekebishwe kasoro ya waya za shingoni. Dila (wakala wa kampuni) yuko Dar, mimi niko Kigoma. Naanzia wapi?

Alfajiri Kibirizi
Wakuu, habari za majukumu.

Pikipiki ni ya cc 150, mkono wa pili, imenunuliwa hapa Mwanga na kadi bado inasoma jina la muuzaji. Kwenye magrupu linazunguka tangazo kwamba kiwanda kinaziita pikipiki za toleo hili: waringi (fungu la waya) inayopita shingoni, chini ya usukani, inasuguana na fremu usukani ukikatwa, mwisho waya inachubuka na injini inaweza kuzima ukiwa kwenye mwendo. Jina la kampuni naliacha makusudi, najua uzi utageuka wa ushabiki.

Waranti ilishakwisha. Fundi wa kijiweni anasema anazungushia solotepu kwa buku tano, kazi imeisha. Je, wito huo unamhusu mtu wa mkono wa pili? Kuna kulipia? Na wakati kifaa kinasubiriwa kutoka Dar, niendelee kupiga kazi au niilaze? Inabeba dagaa kila alfajiri, kuilaza wiki nzima ni njaa.

Namba Kamili
Anza na chesesi namba. Kiwanda hakiiti jina la mtu, na mara nyingi hakiiti toleo zima. Kinaita namba: kuanzia hii hadi hii, zilizoundwa tarehe fulani hadi fulani. Pikipiki mbili za rangi moja kutoka duka moja, moja yaweza kuwemo na nyingine isiwemo.

Kata usukani wote kushoto, chungulia upande wa kulia wa shingo ya fremu. Kwa pikipiki nyingi ndipo ilipogongwa. Usikwangue kwa bisibisi wala msasa, herufi moja ikiharibika utakuwa na kesi nyingine kabisa ya kujieleza. Chovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, futa uchafu, acha pakauke. Halafu paka chaki nyeupe na uifute juu juu kwa kiganja: chaki inabaki ndani ya michoro na namba inasomeka hata kwenye picha ya simu ya kawaida.

Zihesabu. Zinatakiwa ziwe 17. Ndani yake hakuna I, O wala Q, kwa hiyo unachokiona kama O ni sifuri na kinachofanana na I ni moja. Watu wengi wanaojibiwa "pikipiki yako haipo kwenye orodha" wameandika O. Kisha linganisha na kadi, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, malizana kwanza na TRA, maana hakuna dila atakayegusa pikipiki ambayo chuma kinasema hivi na karatasi inasema vile.

Mkono wa pili si tatizo, wito unatembea na chesesi. Tatizo ni kwamba simu aliyo nayo dila ni ya mnunuzi wa kwanza. Ujumbe ulishatumwa kwake, akaupuuza kwa kuwa alishauza. Mwandikie dila abadilishe mawasiliano, na kadi nayo ihamishe, usiilimbikize.

Waranti na wito ni vitu viwili. Waranti ni ahadi yenye muda. Wito ni kiwanda kukiri kwamba kifaa kilitoka na kasoro, na kwa kawaida matengenezo yake hayalipiwi. Marekani sheria inalazimisha yawe bure mpaka chombo kifikishe miaka 15 tangu kiuzwe kikiwa kipya. Hiyo ni kwao. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya 2003 inagusa usalama wa bidhaa na kurejeshwa kwa bidhaa zenye kasoro, na mlango wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Lakini usianze na FCC. Anza na dila, kwa maandishi.

Heru Juu
Kabla ya dila, hakiki tangazo lenyewe. La kweli lina vitu vitatu: namba za chesesi au kipindi cha kuundwa, kifaa kinachohusika, na kitakachofanyika. La matapeli lina namba ya simu na "tuma 30,000 ya kuhifadhi kifaa chako". Ukiombwa hela ya kifaa kwa njia ya simu, huo si wito.

Jingine ni nchi. Toleo lenye jina moja linaweza kuuzwa India likiwa na breki ya diski mbele, kwetu likaja la dramu. Ukisikia limeitwa kule kwa sababu ya diski, la kwako halina hata hiyo diski. Vivyo hivyo waringi, taa na swichi hutofautiana kwa soko.

Na kuitwa hakumaanishi yako ni mbovu. Mei 2021 Royal Enfield waliita pikipiki 236,966 kwa ajili ya koili ya moto iliyoweza kupiga shoti kwa ndani na kufanya injini imisi. Wao wenyewe walikadiria kwamba zitakazohitaji kubadilishiwa hazifiki asilimia 10. Zinaitwa zote kwa sababu hakuna njia ya kuijua mbovu bila kuifungua.

Fundi Umeme Gungu
Nijibu swali la kuilaza au kutoilaza. Pima kwanza, dakika kumi tu.

Simamisha kwa stendi ya kati, gia huru, washa, iache ingurume yenyewe bila kupiga resi. Zungusha usukani polepole kutoka kulia kabisa hadi kushoto kabisa, mara tano. Sikiliza injini, macho kwenye taa ya dashibodi.

Resi ikipanda usukani ukikatwa, hiyo si waya. Ni kebo ya mafuta imevutika au imepitishwa vibaya. Nayo ni hatari, kwa sababu kwenye kona pikipiki inajiongezea mwendo yenyewe. Taa zikififia au honi kukatika huku injini inaendelea, kuna waya ya betri inaguswa au imekatika kwa ndani. Injini ikizima au ikikohoa upande mmoja tu, usiiingize barabarani.

Halafu angalia fyuzi. Kipimo chake kimeandikwa kwenye boksi, mara nyingi amp 10 au 15. Ukikuta ndani kuna karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa waya, ujue aliyekutangulia alishaliona tatizo akalificha. Fyuzi ndiyo ilitakiwa iungue. Ukiinyima kuungua, inaungua waringi, na waringi inapita chini ya tangi la petroli.

Solotepu peke yake siikubali. Kwanza inanenepesha fungu la waya mahali palepale penye nafasi finyu, kwa hiyo inabanwa zaidi. Pili, kwa jua letu gundi inayeyuka na tepu inateleza. Tatu, nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Ukishafunga tepu juu yake hata fundi wa dila hataona.

Alfajiri Kibirizi
Asanteni wakuu. Namba 17 zimepatikana na zinalingana na kadi. Kipimo cha usukani: inazima nikikata kushoto kabisa, nikiurudisha kati inawaka kwa kiki moja. Fyuzi nzima kabisa, amp 10 kama boksi linavyosema. Taa hazififii. Sasa kama waya inapiga shoti, mbona fyuzi haiungui?

Fundi Umeme Gungu
Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloonyesha ni waya ipi.

Sidiai (CDI, kile kiboksi kinachotawala moto wa plagi) ziko za aina mbili. Moja inalishwa na betri. Nyingine inalishwa na koili iliyo kwenye magneti, haihitaji betri wala fyuzi. Hii ya pili inazimwa kwa kupelekwa bodi: ukizima funguo, au ukibonyeza swichi nyekundu ya mkono wa kulia, waya moja kutoka sidiai inaunganishwa na fremu na moto unakufa. Hiyo ndiyo waya ya kuzimia. Ikichubuka shingoni na kugusa chuma, pikipiki inaelewa umezima funguo. Haina umeme wa betri, kwa hiyo fyuzi haijui chochote.

Thibitisha hivi. Chomoa soketi ya sidiai. Washa funguo, swichi nyekundu iwe upande wa kuwasha. Weka tesita kwenye mlio, ncha moja kwenye waya ya kuzimia (kwa pikipiki nyingi ni nyeusi yenye mstari mweupe, ila fuata mchoro wa toleo lako), ncha nyingine kwenye chuma cha injini kisicho na rangi. Inatakiwa kuwa kimya. Mwenzako akate usukani kushoto. Ikilia, umeipata.

Sasa tahadhari, na hapa ndipo mafundi wa vijiweni wanapoharibu: wataikata hiyo waya na kuiacha inaning'inia. Pikipiki haitazima tena kwenye kona, kweli. Lakini haitazima hata kwa funguo! Na yeyote atakayepiga kiki anaondoka nayo. Ukisikia fundi anasema "nakutolea hii waya ya kazi bure", funga mkono wako juu ya funguo.

Cha muda, mpaka kifaa kifike: toa kwanza hasi ya betri. Fungua boli za taa ya mbele, mara nyingi spana namba 10, taa iinamishe mbele bila kuvuta soketi. Utaiona waringi inavyopita kati ya shingo na kile kinundu cha chuma kinachozuia usukani. Tafuta panapong'aa kwenye fremu, rangi imelika. Mkabala wake ndipo ganda limechubuka, shaba inachungulia kama uzi mwekundu, na kama ilikuwa inaoshwa ziwani imeshaota kijani. Kabla ya kugusa, piga picha mbili, ya karibu na ya mbali.

Funika waya hiyo moja tu kwa tepu, raundi mbili. Chana tyubu ya baiskeli kipande cha sentimita 15, vika fungu lote, kisha livutie nje ya kinundu. Funga kwa zipu za plastiki kwenye ncha mbili za tyubu, siyo katikati, na pasiwe na zipu iliyokaza fungu kwenye fremu hapo shingoni. Linatakiwa licheze usukani ukienda. Rudia kipimo cha usukani mara kumi. Ikizima hata mara moja, ilaze. Isipozima, nenda taratibu na mzigo nusu. Kama nyuzi za shaba zimekatika, hilo si la tyubu tena.

Usikate wala kuunga waringi kabla dila hajaiona.

Bosi Katubuka
Na kabla haijaenda kwa dila ondoa mapambo. Spoti za LED, chaji ya simu, redio, alamu: vyote hivyo huwa vimeungwa palepale nyuma ya taa ya mbele. Dila akikuta waya za watu wengine amepata sababu ya kusema kasoro umeitengeneza wewe, na kwa kweli wakati mwingine ni hivyo.

Kwa wenye pikipiki za mkataba: kadi ni ya bosi, kwa hiyo dereva abebe kopi ya kadi na barua fupi ya bosi. Hesabu ya siku ambazo iko kwa fundi mkubaliane kabla, kwa maandishi. Ubovu wa kiwanda si uzembe wa dereva.

Fundi Umeme Gungu
@Bosi Katubuka haya umeyasema wewe bosi, tumeyanukuu.

Namba Kamili
Sasa ujumbe kwa dila. Tuma meseji na barua pepe pia, ili pawe na tarehe. Ndani: chesesi namba, injini namba, namba ya usajili, kilomita zilizosomwa, zile picha mbili, na maneno haya tu: "Inazima usukani ukikatwa kushoto kabisa, fyuzi nzima, waya ya kuzimia inagusa fremu." Hilo linamfikia fundi wao moja kwa moja, ukiandika "inasumbua umeme" utaambiwa uilete.

Muulize mambo manne. Namba yangu imo? Kifaa kipo nchini au kinaagizwa? Nani anafunga, na Kigoma au Tabora mna fundi aliyeidhinishwa? Nitapewa karatasi yenye mhuri na chesesi namba ikionyesha kazi imefanyika? La nne wengi wanalisahau. Siku ya kuuza, mnunuzi akisikia toleo hili liliitwa, karatasi hiyo ndiyo itakayolinda bei yako.

Usikimbilie kuipakia kwenye treni. Reli hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na waringi ni kifaa cha kuingia kwenye boksi na kuja kwa basi. Nenda kijiweni, muulizane nani ana toleo hili, kusanyeni namba 15 au 20 za Mwanga, Ujiji na Gungu, hata Kasulu, muwatumie orodha moja. Dila anayekataa kumtuma fundi kwa pikipiki moja anaweza kumtuma kwa ishirini. Wakigoma kabisa mkiwa na ushahidi wa maandishi, hapo ndipo mnapeleka faili FCC.

Alfajiri Kibirizi
Tesita imelia, ni hiyo waya. Shaba haijakatika, tyubu imefungwa, mara kumi haijazima. Orodha imefika namba 11 mpaka sasa. Kifaa kikifika, nitajuaje kwamba wamebadilisha kweli na siyo kufuta vumbi?

Fundi Umeme Gungu
Weka alama ya rangi ya kucha kwenye waringi ya zamani, karibu na soketi ya sidiai, usimwambie mtu. Baada ya kazi chungulia. Kama wito ni wa kubadilisha njia na vishikizo bila waringi, alama itabaki lakini fungu litakuwa limepita upande mwingine wa shingo; waombe maelekezo ya kiwanda uone picha. Kabla ya kusaini jaribu honi, indiketa zote nne, taa kubwa na ndogo, taa ya breki ya mkono na ya mguu, swichi nyekundu, funguo. Kisha usukani kulia hadi kushoto, injini ikiwa inanguruma.