Wachongaji na wasanii: kazi yangu imeanza kunichukiza, niache?

Kichongi_01: Wakuu, nisaidieni. Nachonga mawe ya Kisii huku Tabaka, viboko na sahani, namuuzia mwenye duka mmoja Kisumu. Zamani nilijiona fundi. Siku hizi nikishapiga msasa ndani ya maji, kiboko akikauka naona shingo ni ya ng'ombe. Aibu tupu. Halafu nikimfikiria mzee Elkana Ong'esa, mchongaji wa hapa hapa, ndege wake wa jiwe yuko makao makuu ya UNESCO kule Paris, naona mimi nacheza tu. Niache?

MamaKibuye: Uache ule nini?

Rangi_Kondele: Pole ndugu. Mimi huandika mabango. Kuna kinyozi nilimwandikia zamani, S yake imelala chali, mpaka leo hupitia barabara ya nyuma nisiione. Na siku naiandika niliipenda! Jicho limekutangulia, mkono utafika. Huyo kinyozi hata hakumaliza kunilipa, na anavyojua kunisalimia kwa sauti...

Mwalimu_Mstaafu: Vijana mnataka sifa kabla ya jasho. Chonga.

Nyalenda_Juu: Mbona unauliza leo? Kuna kitu umeficha.

Kichongi_01: Sawa. Mwenye duka alinipa dipoziti ya sahani, anazitaka Ijumaa. Nimeinunulia jiwe moja kubwa nichonge kitu changu. Lakini nikizikubali hizi sahani nitakuwa mtu wa sahani mpaka nizeeke. Na jiwe nishalianza, halirudishwi.

MamaKibuye: Kumbe shida si shingo ya kiboko. Ni pesa za watu.

Kichongi_01: Sijala pesa ya mtu, mama. Jiwe ni la pinki, laini kuliko jeupe, wiki hii litatoa sura na nitaliuza.

Mwana_Machimbo: Ngoja kwanza. La pinki laini kuliko jeupe? Jeupe ndilo linakubali hata kisu. Likizidi wekundu linakula tupa. Babangu amechimba hayo mawe. Wewe unatutungia hadithi.

Rangi_Kondele: Ai! Na mimi nimemwaga siri zangu za kinyozi hapa.

Mwalimu_Mstaafu: Kama ni hadithi, mchongaji ametoka vizuri. Mwenye duka ndiye hana sura. Mpe maneno mawili matatu.

Kichongi_01: Si hadithi! Mawe hayafanani, hili langu linakubali kisu.

Mwana_Machimbo: Weka picha. Na kucha zionekane.

MamaKibuye: Na namba ya mwenye duka. Kama Ijumaa hana sahani, mimi ninazo.